Zulia Lilipata Karatasi, Sisi Hapana

Barua kutoka Bukavu ilifika mwezi wa sita, mwaka 1955, asubuhi moja tulipokuwa tunaosha sufu kwenye kijito cha chini ya misheni. Masere, sista Mzungu aliyesimamia kazi yetu, alishuka mwenyewe hadi majini. Kanzu yake nyeupe ilikuwa imeshika matope mpaka magotini, wala hakujali. Aliinua ile karatasi juu na kupiga kelele kama msichana.

"Bamama! Tapi yetu imekubaliwa!"

Tapi ndivyo alivyoliita zulia tulilokuwa tunafuma. Alikuwa amepeleka picha ya zulia hilo Bukavu, ambako mwezi wa nane yangefanyika maonyesho makubwa ya kazi za nyuzi: kufuma, kudarizi, kushona, kusuka, vitu vya Kongo nzima, vya Rwanda na Burundi, hata vya Ulaya. Na katika vitu vyote vya milima ya Masisi, kilichochaguliwa kilikuwa kimoja tu, chetu.

Tulikuwa wanawake saba. Tulikata manyoya ya kondoo, tukayaosha, tukayachambua, tukayasokota, tukayatia rangi ya majani na mizizi, kisha tukayafuma. Kazi ya kitanda cha mfumi, ile fremu ya mbao ya kufumia, alitufundisha Masere. Ya rangi tulimfundisha sisi, maana yeye alidhani nyekundu hutoka dukani tu. Kitanda chenyewe kilikuwa mali ya mke wa mwenye shamba la pareto, mama mmoja mrefu ambaye watu walimwita Madame Miwani. Alikiazimisha misheni, akawa anapita mara moja kwa mwezi kutazama, kofia kichwani, bila kuketi.

Sura ya zulia ilitoka katika kichwa cha Mama Emérita. Mwanzoni Masere alimpa karatasi ya Ulaya yenye mnyama wa msituni na maua ya waridi. Emérita akaitazama kwa adabu, akaikunja. "Masere, huyu munyama sijawahi kumukamua," alisema. Akaanza kufuma ng'ombe: ng'ombe kumi na wawili wenye pembe ndefu, wanapanda mlima asubuhi, na ukungu umewafunika miguu. Ukungu ule aliupata kwa kuchanganya sufu nyeupe na ya kijivu uzi kwa uzi. Mimi niliyekaa karibu naye miezi minane bado sijui macho yake yalipimaje.

Alikuwa na umri wa miaka kama arobaini, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Alipokasirika sauti ilishuka zaidi, na ndipo watu walipoanza kuogopa. Mwaka 1938 alitoka Rwanda kwa miguu na mumewe Evode, mtoto mgongoni na mwingine tumboni, walipoletwa na serikali ya Wabelgiji kujaza milima hii. Mimi Laurence nilikuwa mdogo kuliko wote, miaka ishirini na miwili, na ni mimi peke yangu niliyesoma shule ya masista mpaka darasa la tano.

Siku ile tuliacha sufu kwenye mawe tukaanza kupanga safari. Hakuna aliyeuliza kama tutakwenda, tuliulizana tutakwendaje. Kamio, lile lori la pareto, ilishuka Goma kila Alhamisi, tungepanda juu ya magunia. Kutoka Goma tungeingia katika meli ya ziwani. Mwenzetu Nyiramana aliogopa maji, tukamwambia tutamweka katikati. Tungelala kwa masista wa Bukavu. Tungebeba unga, maharagwe na siagi ya Mama Mukandori. Nguo zilijadiliwa siku tatu. Mukandori alisema tuvae namna moja sote saba ili watu wajue tumetoka mahali pamoja, na mimi nikashona kola saba.

Jioni Masere alitusomea orodha ya vitu vitakavyoonyeshwa, na kila mmoja akachagua chake. Mimi nilichagua dantela ya Ubelgiji, ile nguo ya matundu matundu inayofumwa kwa vijiti vidogo. Emérita alichagua nguo ya Kasai. Mke wa askari mmoja aliwahi kumwonyesha kipande kidogo chake, cha nyuzi za mti wa rafia, chenye manyoya laini kama ya mnyama, na hakikuwa na fundo hata moja.

"Miaka mbili nafikiri ile kitu," alisema. "Kama hakuna fundo, manyoya inashikwa na nini? Nitaigeuza nione upande ya nyuma."

Masere akashusha karatasi. Kisha akasema polepole kwamba barua inaita zulia. Haisemi watu.

Emérita aliinua macho. "Masere, tapi iko na macho?"

"Hapana, Mama Emérita."

"Basi yenyewe itaenda Bukavu kuona nini?"

Masere aliona haya, shingo yake ikawa nyekundu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayepewa amri. Alituambia twende ofisi ya serikali kuomba karatasi ya njia, maana siku zile mtu mweusi hakuvuka mlima kwenda mji mkubwa bila karatasi, naye akatuandikia barua ya kutushika mkono.

Tulifika kwenye baraza ya ofisi jua linachomoza. Karani, Théoneste, alichukua barua yetu akaingia nayo ndani. Tukangoja. Watu waliofika nyuma yetu waliingia wakatoka. Saa sita mchana ndipo tulipoitwa, na ni mimi na Emérita tu tulioruhusiwa kupita mlango.

Bwana mkubwa, Mbelgiji mwenye ofisi ile, hakuinua kichwa. "Safari ya nini?"

"Ya kuangalia eksipozisio, Bwana," alisema Emérita.

Sasa aliinua kichwa, akacheka. Alimwita mwenzake wa chumba cha pili aje asikie. "Wanawake saba wa mlimani wanataka kutembelea maonyesho! Na pareto itapaliliwa na nani? Na waume zenu watapikiwa na nani?" Akasema Bukavu si mahali pa wanawake kuzurura, kwamba tungerudi na magonjwa na maneno machafu. Aliyasema hayo mbele ya mwanamke aliyemzalia mumewe watoto sita na ambaye hakuwahi kukosa misa.

Wakati anacheka, mimi nilikuwa nasoma. Mezani pake kulikuwa na karatasi iliyopigwa mashine, tayari imegongwa mhuri. Niliisoma ikiwa kichwa chini miguu juu. Ilikuwa karatasi ya zulia. Ilitaja urefu, upana, uzito, na amri kwamba lisilowe njiani, kwamba lifunikwe turubai, kwamba lipokelewe bandarini na mtu wa kuaminika. Kwenye mstari wa mwenye kazi liliandikwa jina la Madame Miwani.

Nilimnong'oneza Emérita kwa Kinyarwanda nilichokiona. Hakushtuka. Aliuliza tu kwa ile sauti yake ya chini:

"Bwana, ile tapi ulipatia karatasi siku ngapi?"

"Siku moja. Kwa nini?"

"Mimi pia, mwaka ya 1938, nilipewa karatasi siku moja. Mimi, bwana yangu, mutoto na tumbo. Mulitaka mikono ya kulima. Hakuna muntu aliuliza nani atapikia nani. Tulitembea siku nyingi, mama yangu-mukwe alikufia njiani, na karatasi yake ilikuwa nzuri, na mihuri yote. Leo nataka kutembea kuona kazi ya mikono yangu, njo munasema njia iko mubaya kwa wanamuke?"

"Toka," alisema bwana mkubwa.

Tulitoka. Théoneste karani alitazama buti zake. Njiani wale watano walituuliza, nasi tukawaeleza, na ghadhabu ikapita kwetu kama moto katika nyasi za mwezi wa saba. Mukandori, mkubwa wetu, mpole kuliko wote, aliketi katikati ya barabara akapiga ardhi kwa kiganja. "Turubai!" alisema. "Banaogopa tapi isilowe!"

Lakini kulikuwa na jambo ambalo wale wakubwa hawakulijua. Picha ilipigwa zulia likiwa bado kitandani. Shibiri nne za juu hazikuwa zimefumwa, na ng'ombe wa mwisho hakuwa na pembe.

Kesho yake tulikwenda kazini kama kawaida. Tukasokota sufu. Hakuna aliyegusa kitanda. Siku ya tatu Masere aliuliza, na Emérita akamjibu kwa heshima yote: "Masere, tapi itakwisha siku karatasi zetu zitatoka. Iende na sisi, ao ibaki na sisi."

Masere alilia kidogo. Alituambia atapata matatizo. Tulimwambia tunajua, na tukamhurumia kweli, lakini hatukugusa kitanda.

Wiki ya pili Madame Miwani alikuja na gari. Alituita wavivu, watu wasio na shukrani, akasema kitanda ni chake na sufu inayokaa juu yake ni yake. Kisha akavua glavu. "Mnadhani ni uchawi?" alisema, akaketi yeye mwenyewe. Alifuma asubuhi nzima. Sisi tulisokota tukimtazama, na hakuna aliyecheka, nawaapia, ingawa ng'ombe aliota kitu juu ya kichwa kama jembe lililopinda. Alipoondoka, Emérita alikwenda kitandani, akafumua yote, uzi kwa uzi, akakunja nyuzi vizuri akazirudisha kikapuni.

Baada ya hapo walijaribu kupitia kwa waume. Mjumbe wa shefu, mkuu wa eneo letu, alimkuta Evode malishoni, akamwambia amkataze mkewe, la sivyo atatafutwa mtu mwingine wa kuchunga. Evode alifikiri kidogo, kama anavyofikiri kila kitu.

"Mimi nachunga ng'ombe," alijibu. "Emérita, hata siku moja sijamuchunga. Mumwendee mwenyewe."

Kwangu haikuwa rahisi hivyo. Mume wangu Narcisse alikuwa kibarua wa pareto katika shamba lilelile. Aliniambia nitatufukuzisha, tutarudi Ngungu kwa baba yake kama ombaomba. Tuligombana mpaka majirani wakasikia. "Kwa sababu ya nguo ya kutandika chini!" alipiga kelele. Nikamwambia, "Iko nguo ya kutandika chini. Lakini mikono iko yangu." Hatukusemezana siku nne. Siku ya tano alinitengenezea kamba ya kufungia mzigo, akaiweka mlangoni.

Maonyesho yalipobaki wiki mbili, Théoneste alipanda misheni na bahasha. Ndani yake karatasi za njia mbili tu, ya Emérita na yangu. Alisimama akingoja tufurahi. Nilisoma kwa sauti, na nilipofika mstari wa sababu ya safari nikanyamaza.

"Soma," alisema Emérita.

"Inasema: wenyeji wawili, kwa kuonyesha kazi ya kusokota mbele ya wageni."

Tulielewa sote. Hawakuturuhusu kutazama. Walituruhusu kutazamwa. Nyiramana alisema tuzichane. Mimi pia nilitaka kuzichana. Ni Mukandori aliyekataa. Alisema saba wamekuwa wawili, basi wawili wabebe macho ya saba.

Emérita alizichukua zile karatasi. "Tutaenda," alisema. "Mimi naenda kuangalia. Siendi kuangaliwa. Karatasi iseme yake."

Tulifuma siku sita. Pembe za ng'ombe wa mwisho alizifuma Emérita peke yake.

Sitasema mengi ya safari. Zulia lilikaa mbele na shoferi, chini ya turubai. Sisi tulikaa nyuma juu ya magunia na mvua ikatupiga tulipopita Sake. Ziwa lilikuwa kubwa kuliko nilivyodhani. Nilitapika.

Bukavu, ukumbi ulikuwa na madirisha marefu, na nguo zimeteremka kutoka darini kama maporomoko ya maji. Niliona rangi ambazo sikujua kama zipo. Lakini sikupewa muda wa kusimama. Tulipelekwa kwenye pembe moja ambako zulia letu limetundikwa ukutani, zuri, nikataka kulia. Mbele yake palikuwa na viti viwili vifupi, na mbele ya viti kamba. Madame Miwani alitazama nguo zetu za Jumapili na kola nilizoshona, akasema hazifai. Alitupa vitambaa viwili vya kujifunga kifuani na kutuamuru tuvue viatu. Watu, alisema, wanataka kuona mambo ya asili.

Tulikaa hivyo siku ya kwanza. Wageni walikuja kwenye kamba. Bwana mmoja alitupiga picha bila kuuliza. Mama mmoja alipitisha mkono wake juu ya kamba, akashika mkono wa Emérita, akaugeuza, akachunguza kiganja, akazungumza na mumewe juu ya vichwa vyetu jinsi ngozi ilivyo ngumu. Mtoto alitutupia biskuti. Chini ya zulia palikuwa na kadi, nami niliweza kuisoma kutoka pale nilipoketi: jina la Madame Miwani kwa herufi kubwa, na chini, kwa herufi ndogo, "kwa msaada wa wanawake wenyeji." Msaada! Miezi minane!

Siku ya pili, karibu saa nne, Emérita aliweka chini kijiti cha kusokotea. Akavaa viatu vyake. Akajifunga kitambaa chake cha Jumapili juu ya kile tulichopewa.

"Laurence, simama."

Alinyanyua mguu akaivuka ile kamba kama mtu anavyovuka mfereji shambani. Mimi nikamfuata.

Tulitembea ukumbi mzima. Niliona dantela yangu, na mwanamke wa Ubelgiji akiifuma, vijiti vinarukaruka mikononi mwake. Yeye hakuwekewa kamba, aliwekewa kiti chenye mto. Nilipoinama kutazama alinionyesha mara mbili, polepole, jinsi uzi unavyopindwa. Huyo namshukuru mpaka leo. Kisha tukafika kwenye nguo za Kasai. Emérita alisogeza uso karibu nazo, akanusa, akainua pembe moja akaigeuza nyuma. Alikaa hapo muda wa rozari nzima. Halafu akacheka, mara ya kwanza tangu mwezi wa sita.

"Inabanwa," alisema. "Wanafuma kwa kukaza sana, halafu wanapitisha uzi chini, wanaukata juu. Kukaza njo fundo. Ee Laurence, bale bantu iko na akili!"

Hapo ndipo Madame Miwani alipotukuta, uso mwekundu. "Nani amewapa ruhusa ya kutoka?"

Watu waligeuka. Emérita hakuinamisha kichwa. "Karatasi inasema kuonyesha kazi," alisema. "Jana nimeonyesha. Leo naangalia."

Mzee mmoja Mzungu mwenye ndevu, aliyekuwa amesimama na daftari, aliuliza kwa Kifaransa kuna nini, na hawa wanawake ni nani. Madame alimwambia ni wasokotaji wake, wamejisahau. Sijui nilipata wapi ujasiri. Kifaransa changu kilikuwa cha darasa la tano, lakini kilitosha.

"Zulia la ng'ombe," nilimwambia, "amelifuma mama huyu. Sura imetoka kichwani mwake. Madame ametoa mbao za kitanda."

Yule mzee alimtazama Emérita, akatazama viganja vyake, akaandika kitu katika daftari. Aliandika nini, sikujua kamwe. Madame alisema mimi ni mfidhuli na kwamba shule ndiyo inayoharibu watu wa namna hii. Jioni ileile tuliambiwa safari yetu imekwisha. Tulipanda meli ya kesho yake, siku moja kabla ya kutolewa tuzo, na kwenye meli nilimwuliza Emérita kama anajuta.

"Najutia ile siku ya kwanza," alisema. "Ningevuka asubuhi."

Nyumbani tulikuta mlango wa chumba cha kazi umefungwa kwetu sisi wawili. Wale watano wakatoka wenyewe, kila mmoja na kikapu chake. Narcisse aliondolewa kwenye pareto, kama alivyoogopa, na mwaka mzima tulikula jasho la shamba la baba yake. Sisemi haikuuma. Evode hakuguswa, kwa sababu ng'ombe wale walikuwa hawamsikii mtu mwingine, na mwenye shamba alilijua hilo. Yeye na seremala wa Nyabiondo walitengeneza kitanda kipya cha mti wa mkaratusi, kizito, kinacholia kama mlango, na tukakiweka nyuma ya nyumba ya Emérita. Tulifuma mablanketi ya watu wa Kitshanga, ambako baridi haina mchezo. Kisha Emérita akajaribu ufundi wa Kasai kwa sufu ya kondoo. Mara tatu ukamfumukia, mara ya nne ukashika.

Mwaka uliofuata Bukavu iliandika tena. Waliomba zulia lingine, "la ng'ombe kama lile." Masere alituletea barua mwenyewe, kwa miguu, akaketi nasi juu ya jamvi. Emérita alimwambia awajibu hivi: waandike kwanza majina saba kwenye kadi, na watume karatasi saba za njia, za kuangalia. Masere aliandika kama alivyoambiwa. Nilisimama nyuma yake nikisoma kila neno. Jibu halikuja, na zulia halikwenda.

Lile la kwanza lilipata tuzo ya juu. Tulisikia hivyo kwa Théoneste. Walitoa medali, na Madame Miwani alipanda jukwaani kuipokea, watu wakapiga makofi. Masere aliiona nyumbani kwa huyo Madame, ndani ya kioo, juu ya kabati. Anasema ni ya shaba na ina picha ya mwanamke anayefuma. Mimi sijaiona.